Fomu ya Mwenzako

Siku kumi na tisa kabla ya harusi yangu niligundua kwamba nilikuwa na mguu mbovu.

Nilikuwa nimekaa ofisini kwa Mama Utulivu, saa sita mchana, nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini kwangu, ambako nakata lenzi za miwani na kuzipachika kwenye fremu. Mama Utulivu ndiye aliyekuwa akitupangia fungate. Jina hilo alipewa na wateja wake, na sijui walimpa kwa sababu gani, maana mwanamke yule hakai kitini akatulia hata dakika mbili.

Sisi hatukutaka fungate ya hoteli na muziki. Daktari alikuwa amempima presha mchumba wangu mara tatu, na mara zote tatu akatikisa kichwa. "Wewe utaanguka na spana mkononi," alimwambia. "Tafuta mahali penye miti, ukalale." Mchumba wangu ni fundi wa lifti, na hata mimi namwita Fundi. Miaka minne alikuwa hajachukua likizo ya siku moja. Basi tukaamua kwamba tukishaoana tutakwenda siku kumi kwenye nchi ya joto, mbali, ndani ya msitu wa mvua, mahali ambapo simu zinakusanywa mlangoni, watu wanaamshwa na ndege, wanakula majani na matunda, wanafundishwa kupumua kana kwamba walikuwa wanaishi kwa bahati, na wanalala kwenye vijumba vya mbao. Nchi aliichagua yeye. Mimi nilisema sawa. Kusema sawa ndio ugonjwa wangu, lakini hayo nilikuwa siyajui bado.

"Ratiba hiyo hapo, bibi harusi," alisema Mama Utulivu akinisukumia karatasi. "Soma ufurahi."

Nikasoma. Siku ya pili, kuogelea chini ya maporomoko. Siku ya tatu, kuelea kwenye chemchemi ya maji moto, saa mbili nzima. Siku ya nne, mtumbwi mtoni. Siku ya tano, kuogelea tena, safari hii ziwani, kabla jua halijachomoza.

"Mama, hapa kuna maji mengi."

"Si unapenda maji?"

"Nani kakwambia?"

Nikiwa na miaka tisa nilitumbukia kwenye bwawa la shule, nikatolewa na mwalimu nikiwa nimeshalinywa nusu. Tangu siku ile hata beseni likijaa sana namwaga kidogo kwanza. Nilimweleza Mama Utulivu hayo huku nacheka, yeye hakucheka. Alisimama, akafungua droo, akaifunga, akaifungua tena.

Ana utaratibu wake yule mama. Kwake kila msafiri anajaza fomu ya mwenzake, hajazi yake. Anasema mtu ukimwuliza habari zake mwenyewe atajipamba tu: mwanaume ataandika hakoromi, akifika kule kijumba cha tatu hakilali. Mwenzake ndiye atasema ukweli. Fomu hizo huzifungia, na hazionyeshi kwa mtu, maana anasema angezionyesha asingebaki na mteja aliyeoa.

Siku hiyo aliuvunja utaratibu wake. Aliniwekea fomu mezani, imejazwa kwa mwandiko wa Fundi, zile herufi zake zilizosimama wima kama anazoandika kwenye vibao vya hatari.

*Anapenda maji kuliko kitu chochote. Asipoogelea wiki nzima ananuna. Hali samaki. Kwenye gari hukaa dirishani, dirisha liwe wazi. Asubuhi hapendi kusemeshwa mpaka anywe chai. Filamu ikiwa ya huzuni yeye hucheka. Akitembea sana mguu wa kushoto humuuma, hasa gotini. Tafadhali maji moto yawepo kila siku.*

"Goti umeumia lini?" aliuliza Mama Utulivu.

"Miguu yangu mizima, Mama."

Tukatazamana. Alikuwa anajua, kama watu wote wanavyojua, kwamba Fundi ni mgane, kwamba mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Mimi marehemu sikuwahi kumwona ila kwenye picha moja, sebuleni kwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Amesimama kaegemea upande mmoja, mkono kiunoni, anacheka. Nilikuwa siku zote nadhani lile ni pozi.

"Labda amechanganya," alisema Mama Utulivu kwa sauti ndogo. "Wateja wanachanganya sana. Kuna mmoja aliniandikia habari za dada yake."

"Naomba niende nayo, Mama."

"Hairuhusiwi."

"Naomba."

Akaniachia.

Kutoka pale mpaka kwenye jengo alikokuwa Fundi ni mitaa miwili. Mtaa wa kwanza sijui niliupita vipi. Wa pili simu ikalia, ni shangazi.

"Mbona unahema?"

"Natembea, Shangazi."

"Tembea basi huku unasikiliza. Viti vya ukumbini wametuletea vya plastiki. Mimi siketishi wageni wangu kwenye plastiki. Nimewaambia wavirudishe walikovitoa."

Angekuwa mama mzazi ningemwambia palepale. Lakini huyu ni shangazi. Siku Fundi alipokuja kujitambulisha, shangazi alimpokea vizuri, akamwuliza habari za kazi, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi akanikalia mbele. "Sina neno naye," alisema. "Ana adabu na ana kazi ya mikono. Lakini huyo msiba wake haujaisha. Anakuangalia, halafu macho yanakupita yanakwenda mbele." Nilimjibu vibaya. Miezi mitano hatukusemeshana. Wiki mbili tu zilizopita ndipo alipokuja mwenyewe na futi yake ya kushonea, bila kunisalimia, akanipima kiuno na kusema, "Umekonda. Inua mikono." Hivyo ndivyo tulivyopatana. Sasa nimwambie nini?

"Unalia?" aliuliza.

"Vumbi."

"Vumbi," alirudia, polepole. "Haya. Vumbi likiisha unipigie."

Jengo lilikuwa la ghorofa nane. Chini, mbele ya lifti, palikuwa na kizuizi cha njano na kibao, na milango ya lifti ilikuwa wazi kabisa. Chumba chenyewe cha lifti kilikuwa kimezuiwa huko juu. Fundi alikuwa ndani ya shimo, amesimama chini, kichwa na mabega ndivyo pekee vilivyoonekana usawa wa sakafu. Aliposikia viatu vyangu aliinua uso. Nampenda uso ule. Napenda jicho lake la kushoto linavyotangulia kutabasamu, la kulia linafuata baadaye kama lililochelewa kupata habari. Nilisimama nikamtazama na nikaomba moyoni awe na jibu.

"Miwani wangu!" Ndivyo anavyoniita. "Umekula?"

"Panda juu tuzungumze."

"Nimeshika breki. Dakika kumi."

"Panda, Fundi."

Alinisoma usoni, akapanda ngazi ndogo ya chuma, akakaa ukingoni miguu ikining'inia ndani ya shimo. Nikampa fomu. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaisoma mwanzo hadi mwisho.

"Hii ilikuwa siri ya Mama Utulivu," alisema.

"Imesema nini?"

"Imesema habari zako."

"Zangu?"

"Kwani kosa liko wapi?"

Afadhali angekataa. Afadhali angesema alikuwa amechoka, alikuwa na homa, alijaza haraka haraka. Lakini aliniuliza kwa uso mweupe kabisa wa mtu asiye na hatia, na mimi nikashika kizuizi.

"Mimi siogelei, Fundi. Naogopa maji kuliko kifo."

"Tumekwenda bwawani mara ngapi?"

"Mara sita. Mara zote sita nilikaa ukingoni na taulo nikasema nina mafua."

"Nilidhani una mafua sugu!" alisema, na nusura tucheke sote wawili, na kama tungecheka labda mambo yangeishia pale. Hatukucheka.

"Na samaki nakula," nikasema. "Nakula mpaka kichwa. Siku ya kwanza uliyonikaribisha kwako uliniambia, 'Najua huli samaki, nimekupikia maharage.' Nikaona haya kukusahihisha, maana ulikuwa umefurahi sana. Nikala maharage. Miaka miwili nakula maharage nyumbani kwako."

"Ungeniambia."

"Na dirisha la gari, kila siku unanifungulia, mpaka shingo inakakamaa. Nasema asante."

"Ungeniambia, jamani! Kwani mimi ni mchawi, nitajuaje?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wakati huo aliingia mzee mmoja na mifuko miwili ya sokoni, akasimama mbele ya kizuizi, akatutazama kwa zamu.

"Fundi, lifti inapona lini? Mimi nakaa ya saba."

"Nusu saa, mzee wangu."

"Nusu saa ya saa au nusu saa ya mafundi?"

"Ya saa, mzee."

Mzee hakusadiki. Alianza kupanda ngazi, lakini hatua zake zilikoma kabla ya kufika kona, na mifuko ikasikika ikitua. Alikuwa amekaa. Tukaendelea kwa sauti ya chini, na sina shaka alisikia kila neno.

"Soma mistari ya mwisho," nikamwambia Fundi.

"Nimeshasoma."

"Soma tena."

Akasoma. Nikaona kidole chake, chenye grisi kwenye kucha, kinatambaa juu ya maneno kisha kinasimama. Hakuinua kichwa. Mahali fulani juu yetu kamba za chuma zililia kidogo, kama zinavyolia lifti ikiwa imezuiwa, na yeye ambaye sauti ile humfanya asimame hata katikati ya chakula hakusikia.

"Mguu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuandika wewe." Sauti ilikuwa imebadilika. "Naapa, Miwani. Nilikaa mezani kwangu, nikafumba macho nikakuona, wewe kabisa, na gauni lako la bluu. Nikaandika niliyoyaona."

"Najua."

"Sikutaka kukudanganya."

"Najua, Fundi. Ungekuwa umenidanganya ningekuwa nimeshaondoka."

Na nilikuwa najua kweli. Alinipenda, hilo sikulitilia shaka hata dakika moja. Alinipenda na samaki wangu hakuwajua, wala hofu yangu, wala miguu yangu miwili mizima inayomfuata kila mahali. Roho iliniuma mpaka nikataka kukaa chini pale pale penye mafuta.

"Safari hii ni ya nani?" nikamwuliza.

Akaanza kufuta kidole ambacho alikuwa ameshakifuta.

"Nchi hii, msitu huu, haya maji moto. Nani aliyataka?"

"Alikata picha kwenye gazeti," alisema akilitazama shimo. "Ya chemchemi. Akaibandika kwenye mlango wa kabati, upande wa ndani. Alisema maji yale yatamsaidia goti. Nikamwambia mwaka ujao. Mwaka ulipofika nikapata kazi ya jengo la ghorofa ishirini, nikamwambia tena mwaka ujao. Mara tatu nilimwambia hivyo."

"Halafu?"

"Halafu hospitali wakasema si goti. Ni mfupa. Miezi minne tu."

"Ulimlilia?"

"Tulizika Jumamosi. Jumatano kulikuwa na lifti imekwama na watu ndani. Nikaenda."

Alisema hivyo kama anayetoa taarifa ya kazi, na sikuwahi kumwonea huruma mtu kama nilivyomwonea huruma yeye wakati ule. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kichwani kwake. Nikaurudisha. Ningemgusa, ningesema sawa, na siku kumi na tisa zingepita, na ningeelea kwenye yale maji nimefumba macho, nikicheka kwenye filamu za huzuni.

"Hatufungi ndoa tarehe ile," nikasema.

Aligeuka haraka. "Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

"Kwa sababu ya karatasi? Mwambie Mama Utulivu anipe nyingine. Nitaijaza upya, hapa hapa, mbele yako." Alikuwa tayari ameshatoa penseli sikioni, ameigeuza fomu upande mtupu na kuiweka juu ya goti. "Niambie. Siku moja ya mapumziko, hakuna kazi, hakuna wageni. Unapenda kufanya nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hasira ya kutosha, na nilidhani majibu yamejaa kifuani yanasubiri tu kuulizwa. Yalikuwa hayapo. Nilijua nisichopenda. Nilijua maharage. Lakini nini napenda, mimi mwenyewe, siku isiyo na mtu wa kumfurahisha? Penseli ilisubiri. Niliona haya zaidi ya siku ile ya maharage.

"Sijui," nikasema, na machozi yakanitoka. "Unaona? Hata mimi sijui. Unataka kumwoa nani, Fundi? Mmoja hayupo, mwingine hajafika."

Akaiweka penseli chini.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Usiahirishe. Tarehe ile ile ya safari, panda ndege uende. Ukakae kwenye yale maji aliyoyataka, umlilie siku zote kumi. Mwombe radhi kwa ile miaka mitatu. Huku umelia lini? Hapa kila ukitaka kulia kuna lifti imekwama."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki."

"Nikirudi nitakukuta?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi, tamu na jepesi, lile ninalolitoa kila siku kwa wateja, kwa shangazi, kwake. Macho yake yalikuwa yananiomba nilitoe. Na safari hii hayakunipita. Yalinitazama mimi, pua yangu iliyovimba kwa kulia, kilemba changu kilichokaa upande, yalinitazama kana kwamba anajifunza, na ilikuwa vigumu zaidi hivyo.

"Sijui," nikamjibu.

Alitikisa kichwa polepole, kukubali. Kisha alinyoosha mkono kuelekea shavuni kwangu, akauona ulivyo mchafu, akaukomesha hewani. Niliushika nikauweka mwenyewe shavuni. Ulikuwa wa moto na unanuka chuma. Tulikaa hivyo hadi sauti ya mzee ikatoka kwenye ngazi.

"Watoto, mimi nitapanda tu kwa miguu. Chukueni muda wenu."

Nilitoka pale bila kugeuka nyuma. Nilipofika kona nikampigia shangazi, nikamwambia viti visiletwe, vya plastiki wala vya mbao. Nilikuwa nimejiandaa kwa yale maneno yake, maana alikuwa na haki nayo yote. "Kitanda chako cha zamani nitakitandika," alisema. "Usichelewe."

Mama Utulivu alikuwa anafunga ofisi kwenda kula. Aliniona shavu langu jeusi la grisi, akafungua tena mlango bila kuuliza.

"Futa jina langu, Mama."

Akakaa, akafungua ratiba, akafuta. "Na yeye?"

"Anakwenda."

"Peke yake basi nimhamishe. Kuna kijumba cha mtu mmoja, kidogo, kiko nyuma ya jiko. Kitamfaa."

"Mwachie kile cha wawili, Mama. Na maji yaache yote, kila siku, kama ulivyoyapanga."

"Kile cha wawili ni kwa watu waliooana tu, mwanangu. Wenyewe kule ni wakali. Watauliza anasafiri na nani, niwaandikie nini?"

"Andika anasafiri na mkewe," nikasema, nikatia sahihi mahali aliponionyesha, nikarudi kazini.